Habari za Maghorofa ya Pruitt-Igoe

Picha ya jengo la Pruitt-Igoe likianguka katika moshi na vumbi ni miongoni mwa picha za majengo zilizotazamwa na watu wengi mno duniani. Jengo la ghorofa kumi na moja laonekana likipasuka kiunoni, likipiga magoti, kisha likishuka lote. Na nyuma yake yamesimama majengo mengine yaliyofanana nalo kama ndugu mapacha, yakingojea zamu yake. Yaliyopigwa picha hiyo yalitukia katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, nchini Marekani, mwaka wa 1972. Tangu hapo picha imetiwa katika vitabu vya usanifu, vya siasa na vya elimu ya jamii, na kila aliyeitia ameiandikia maneno yake chini. Mmoja asema kwamba kilichokufa pale ni mtindo wa kisasa wa kujenga. Mwingine asema ni ushahidi kuwa maskini hawawezi kukaa katika nyumba nzuri bila kuiharibu. Wa tatu asema serikali haifai kuwa mwenye nyumba. Wasemaji ni wengi na picha ni moja, nayo haina ulimi wa kumkanusha yeyote.

Watu waliokaa ndani ya majengo yale, wakalipa kodi, wakapanda ngazi gizani, wakaamka usiku kukinga maji yaliyovuja kutoka juu, walikuwa na maelezo yao pia. Maelezo hayo hayakuwa na falsafa nyingi. Yalihusu hesabu: fedha inayotolewa kila mwezi inakwenda wapi, na fundi mbona haji. Hesabu hiyo ndiyo itakayofuatwa hapa, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia mambo mengine yote, na kwa kuwa waandishi wengi wa habari za Pruitt-Igoe wameiruka ili wafike upesi penye baruti.

Mji wa St. Louis, ulio kando ya mto Mississippi, ulikuwa na watu 856,796 katika hesabu ya mwaka wa 1950. Haukupata kuwa na watu wengi kiasi hicho katika hesabu nyingine yoyote. Wamarekani weusi waliokuja kutoka majimbo ya kusini kutafuta kazi walibanwa katika mitaa michache, kwa sababu mahali pengi hati za nyumba zilikuwa na sharti kwamba nyumba isiuzwe wala kukaliwa na mtu mweusi. Kesi iliyoyavunja nguvu masharti hayo, iitwayo Shelley v. Kraemer, ilitoka St. Louis hiyo hiyo, ikaamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka wa 1948; lakini desturi haifi siku ile inapokufa sheria yake. Katika mtaa wa DeSoto-Carr nyumba kuukuu za matofali ziligawanywa vyumba, vyumba vikagawanywa tena, na familia nyingi zikachangia choo cha uani. Yeyote anayeyalilia maghorofa ya Pruitt-Igoe, au anayeyacheka, yampasa akumbuke kwanza yaliyokuwapo kabla yake. Hakuna aliyehamishwa kutoka peponi.

Mwaka wa 1949 Baraza la Kongresi lilipitisha Sheria ya Nyumba iliyoipa miji fedha ya kubomoa mitaa mibovu na kujenga mingine. Meya wa St. Louis wakati huo, Joseph Darst, alikuwa ameyaona maghorofa ya New York yakampendeza, akautaka mji wake nao uinuke. Kazi ya kuchora ilipewa kampuni ya wasanifu ambayo ndani yake alikuwamo kijana mmoja hodari, Minoru Yamasaki, yule yule ambaye baadaye alisanifu minara miwili ya World Trade Center. Mchoro wake wa kwanza ulichanganya nyumba fupi, za kati na ndefu. Wakuu wa serikali waliosimamia fedha waliukataa kwa sababu ya gharama, wakataka majengo yawe ya kimo kimoja. Yakawa majengo 33, kila moja ghorofa kumi na moja, juu ya kiwanja cha ekari 57. Fleti zote pamoja zilikuwa 2,870. Wapangaji wa kwanza waliingia mwaka wa 1954.

Majina mawili yana habari yake. Wendell Pruitt alikuwa rubani mweusi, mzaliwa wa St. Louis, aliyepigana vita vya pili vya dunia na kufa katika ajali ya ndege mwaka wa 1945. William Igoe alikuwa mbunge mweupe wa mji huo. Majina yaligawanywa hivyo kwa sababu wapangaji nao walikusudiwa kugawanywa: weusi upande wa Pruitt, weupe upande wa Igoe. Mwaka wa 1955 mahakama ilikataza ubaguzi huo katika nyumba za umma za mji. Weupe waliokuwa wamekubali kuja hawakukawia kuondoka, na mtaa wote ukawa wa weusi. Basi ushindi wa haki mahakamani ukafuatwa na kutengwa kwa namna nyingine, ambako hakuna hakimu aliyekuandika katika hukumu yake.

Wenye kupenda kusimulia maangamizi tu huuruka mwanzo huu, nao haufai kurukwa. Wapangaji wengi wa kwanza walifurahi furaha ya kweli. Familia iliyokuwa ikilala chumba kimoja ilipata vyumba vya watoto, bafu lake yenyewe, maji ya moto, jiko zima, na dirisha lenye kuona mji wote. Filamu iliyotolewa mwaka wa 2011 na Chad Freidrichs iliwahoji watu waliokulia pale, na baadhi yao, wakiwa wazee, walizungumza juu ya miaka hiyo kama watu wazungumzavyo juu ya neema. Mwaka wa 1957 fleti tisa katika kila kumi zilikuwa na watu. Huo si mtaa uliozaliwa maiti.

Walakini methali yatuambia kuwa nyumba njema si mlango, na ndani ya nyumba hizi mlikuwa na dosari zilizowekwa kwa makusudi ya kubana fedha. Eugene Meehan, mtaalamu wa siasa aliyeichunguza Halmashauri ya Nyumba ya St. Louis kwa miaka, aliandika kwamba vitasa na mikono ya milango viliharibika mara vilipotumiwa, vingine hata kabla ya mpangaji kuingia. Vioo vilivyotiwa kwa fremu dhaifu vilisukumwa na upepo vikaanguka. Kabati za jikoni zilikuwa za mbao nyembamba mno. Mabomba ya mvuke wa kupashia joto yaliachwa wazi bila ya kuvikwa kitu cha kuzuia joto, na mtoto aliyeyagusa aliungua. Chini hapakuwa na vyoo vya watu wote, hivi kwamba mtoto aliyekuwa akicheza nje akibanwa na haja hakuweza kufika ghorofa ya tisa kwa wakati. Viwanja vya michezo vyenyewe havikuwekwa mpaka wapangaji walipovidai.

Lifti ndizo zilizoleta mashaka makubwa kuliko yote. Ili kupunguza gharama, lifti ilisimama katika ghorofa ya kwanza, ya nne, ya saba na ya kumi tu. Aliyekaa kati alishuka hapo akamalizia safari kwa ngazi. Katika ghorofa hizo lifti iliposimama, msanifu aliweka kumbi ndefu za wazi zenye vyumba vya kufulia na vya kuwekea vitu. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka kumbi hizo ziwe kama baraza: mama afue huku akimwangalia mtoto akicheza, jirani apite asalimu, mzee akae. Mwaka wa 1951, kabla tofali la kwanza halijawekwa, gazeti la wasanifu liitwalo Architectural Forum liliisifu fikira hiyo. Lakini baraza ya pwani yetu ipo mlangoni kwa mtu, na mwenye mlango huo yumo ndani. Anayeketi barazani anajulikana ni mgeni wa nani. Ukumbi wa Pruitt-Igoe haukuwa mlangoni kwa mtu yeyote. Familia ishirini ziliupitia, na hakuna hata moja iliyoweza kumwuliza mgeni amekuja kwa nani. Taa zikivunjwa ulikuwa giza, na aliyetoka kwenye lifti alilazimika kuuvuka ili azifikie ngazi. Huko ndiko wanawake walikoporwa na kushambuliwa, na nguo kuibwa katika vyumba vya kufulia hata vikaachwa bila kutumiwa. Gazeti lile lile la Architectural Forum, mwaka wa 1965, lilitoa makala nyingine likiueleza mtaa huo kuwa ni jambo lililoshindikana.

Oscar Newman, msanifu aliyefundisha katika mji huo, aliitazama tofauti hii kwa makini, akaiweka katika kitabu chake cha mwaka wa 1972. Aliona kwamba kumbi zilizochangiwa na familia nyingi zilikuwa zimeharibika kabisa, lakini mahali familia mbili tu zilipochangia kituo cha ngazi, kituo hicho kilikuwa safi. Na ndani ya fleti zenyewe, za watu wale wale walioitwa waharibifu, aghalabu mlikuwa nadhifu. Aliona pia kwamba ng'ambo ya barabara palikuwa na mtaa wa nyumba fupi uitwao Carr Square Village, wenye wapangaji wa hali ile ile, na mtaa huo haukupatwa na balaa hilo. Newman alihitimisha kwamba kosa ni la umbo la majengo. Hoja yake ina nguvu, lakini ina tundu. New York ilikuwa na maghorofa ya umma marefu kuliko haya, na hayakuhamwa. Ikiwa kimo ndicho kiuacho, kwa nini kilichagua mji?

Hapa ndipo inapolazimu kurudi katika hesabu. Sheria ya Nyumba ya mwaka wa 1937, iliyopitishwa zama za Rais Franklin Roosevelt, iliweka kanuni ambayo juu juu ilionekana ni ya busara. Serikali kuu ya Washington italipa gharama za kujenga, kwa kuyalipa madeni ambayo halmashauri ya mji imekopa. Lakini gharama za kuyaendesha majengo yakiisha kujengwa, yaani mishahara ya mafundi na wafagiaji, joto la majira ya baridi, taa, vioo, rangi, na utengenezaji wa lifti, zitatoka katika kodi ya wapangaji. Wakati sheria ilipotungwa, waliofikiriwa kuwa wapangaji walikuwa watu wa mishahara midogo lakini ya hakika, ambao kodi yao ingetosha. Halafu wenye nyumba za kupangisha walihofia kunyang'anywa wateja, nao walikuwa na sauti kubwa katika Kongresi kuliko wapangaji. Kwa hiyo sheria ziliweka kiwango cha juu cha pato: mpangaji ambaye mshahara wake umepanda kupita kiwango hicho lazima ahame. Tazama basi mambo mawili haya yalivyokutana. Jengo latakiwa liishi kwa kodi ya wakaao ndani yake, na kila apataye uwezo wa kulipa kodi nzuri anatolewa nje. Mkulima akipaliliaye shamba lake kwa kung'oa kila mche unaozaa hana haja ya kumtafuta mchawi.

Kanuni hiyo ilikuwa ni ya nchi nzima, lakini St. Louis iliionja kwa uchungu zaidi kwa sababu mji wenyewe ulikuwa unahamwa. Wapangaji wa mipango wa mwaka wa 1950 walidhani kwamba mji utazidi kujaa. Kumbe serikali ile ile iliyojenga maghorofa kwa mkono wa kuume ilikuwa ikiwafungulia njia watu weupe kwa mkono wa kushoto: iliwadhamini mikopo ya kununua nyumba zao viungani, mikopo ambayo weusi waliinyimwa, na ikawajengea barabara pana za kwenda na kurudi. Viwanda vikafuata. Kufika mwaka wa 1970 mji ulikuwa umebaki na watu 622,236. Umepoteza zaidi ya watu 234,000 katika miaka ishirini. Penye nyumba nyingi kuu kuu zisizo na watu, hata maskini ana pa kuchagua, na aliyeweza kuondoka Pruitt-Igoe aliondoka. Waliobaki ni wale ambao hakuna mwenye nyumba mwingine aliyewataka: akina mama wenye watoto wengi na wasio na mume, wazee, watu wanaoishi kwa msaada wa serikali.

Na juu ya neno hilo la kutokuwa na mume pana jambo la kuhuzunisha. Kanuni za msaada kwa watoto wa maskini hazikuruhusu mama aupate iwapo ndani ya nyumba yumo mwanamume mwenye nguvu za kufanya kazi, hata ikiwa kazi yenyewe haipatikani. Baba aliyefukuzwa kiwandani alikuwa na hiari mbili: akae na wanawe wakose chakula, au aondoke ili wale. Wako waliojificha, na maofisa wa msaada walikuja kukagua. Mwaka wa 1968 Mahakama ya Juu ilivunja kanuni ya namna hiyo iliyotumika Alabama, lakini kwa familia nyingi hukumu ilikuja baada ya mlango kwisha kufungwa. Waandishi waliofika Pruitt-Igoe baadaye wakastaajabia watoto waliokua bila baba wangeuliza kwanza nani aliyewatoa.

Sasa tuyatie mambo haya katika jengo. Gharama ya jengo haipungui kwa kupungua kwa wakazi wake. Lifti ya jengo lenye watu nusu yahitaji mafuta na nyaya zile zile. Bomba la fleti tupu lahitaji joto kama la fleti yenye watu. Kodi ndiyo inayopungua. Halmashauri ikiona mfuko watoboka, ina njia mbili, nayo ilizitumia zote mbili: ilipunguza mafundi, na ilipandisha kodi. Kupunguza mafundi kulifanya taa iliyovunjika wiki hii iwe ingali imevunjika mwezi ujao, na giza likamkaribisha mwizi. Kupandisha kodi kulimfukuza mpangaji mwingine. Fleti yake ikabaki tupu, vioo vikavunjwa, waya na mabomba ya shaba yakang'olewa yakauzwe. Na baridi ya Missouri iliyoingia kwa madirisha yasiyo na vioo iliyagandisha maji ndani ya mabomba yaliyobaki yakapasuka. Maji, safi na machafu, yaliteremka ghorofa kwa ghorofa kwa watu waliokuwa wamelipa kodi yao. Basi kila fleti moja iliyohamwa iliiharibu ya jirani.

Si kweli, wala si heshima kwa wakazi, kusema kwamba wahalifu hawakuwapo. Walikuwapo, na waliojua hivyo zaidi ni wale waliolala humo. Lee Rainwater, mwalimu wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, aliongoza uchunguzi wa miaka kadhaa katika mtaa huo na kutoa kitabu mwaka wa 1970. Aliandika kwamba katikati ya miaka ya 1960 walikaa humo watu kama 10,000 katika familia kama 2,000. Walipoulizwa mambo yanayowakera, walitaja vioo vilivyovunjika na taka nje ya majengo, lifti za hatari, panya na mende, mikojo katika lifti na kumbi, na kushambuliwa. Lakini wengi walisema fleti yenyewe ni bora kuliko walikotoka. Hofu yao ilianzia nje ya mlango wao. Maneno hayo yasomwe pamoja na yale ya Newman juu ya vituo vya ngazi vilivyokuwa safi: palipokuwa na mtu mwenye mamlaka ya mahali, mahali palitunzwa. Pasipokuwa na mwenyewe palikuwa ni pa halmashauri, na halmashauri ilikuwa haina fedha.

Yapo masimulizi ya jengo moja ambayo Newman aliyahifadhi. Wajenzi waliokuja kulifanyia marekebisho walilizungushia ua ili vifaa vyao visiibwe. Kazi ilipokwisha wakazi waliomba ua uachwe. Ukaachwa, na jengo hilo likawa na uhalifu mchache na fleti tupu chache kuliko mengine yote. Jambo la kutazamwa hapa, pamoja na ua wenyewe, ni kuwa wakazi waliomba, na safari hii waliitikiwa.

Mwezi wa Februari mwaka wa 1969, baada ya kodi kupandishwa tena, wapangaji wa nyumba za umma za St. Louis waligoma kulipa. Mgomo haukuwa wa Pruitt-Igoe peke yake. Ulienea katika mitaa mingine ya halmashauri hiyo hiyo. Wengi wa walioushika walikuwa wanawake, na mmoja wa viongozi wake mashuhuri alikuwa Jean King. Kulikuwa na familia ambazo kodi ilikula zaidi ya nusu ya pato lao. Wagomaji hawakuitumia fedha waliyoizuia. Waliikusanya katika mfuko, ili isije ikasemwa kuwa wamegoma kwa ajili ya kula kodi. Walitaka mambo matatu ambayo mtu akiyatazama ataona yanafuata hesabu ile ile: kodi ipimwe kwa pato la mtu, nyumba zitengenezwe, na wapangaji wawe na sauti katika uongozi. Mgomo ulidumu miezi tisa. Halmashauri, ambayo tangu hapo ilikuwa taabani, ilikaribia kufilisika. Harold Gibbons, kiongozi wa chama cha madereva wa malori, alisaidia kuleta upatanishi, na mwezi wa Oktoba wagomaji walipata karibu yote waliyoyataka katika maandishi.

Watu waliopewa na magazeti sifa ya kuvunja na kuchafua walikaa miezi tisa katika nyumba zinazovuja, wakitunza fedha ya kodi isiguswe, wakihudhuria mikutano, wakibishana na mameneja juu ya tarakimu. Katika vitabu vinavyochapa ile picha ya moshi na vumbi, mgomo huu hupewa mstari mmoja, au haupewi kitu.

Washington nayo ilisikia. Seneta Edward Brooke wa Massachusetts, Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuingia katika Baraza la Seneti, alitia kifungu katika sheria ya nyumba iliyopitishwa Desemba mwaka huo wa 1969: mpangaji wa nyumba ya umma asitozwe kodi zaidi ya robo ya pato lake. Hiyo ilikuwa haki. Lakini ikiwa kodi ndiyo inayoendesha jengo, kuipunguza bila kuleta fedha nyingine ni kulizima jengo upesi zaidi. Kongresi ilikubali kwamba serikali kuu itajazia upungufu, kisha fedha ikaja kwa kuchelewa na kwa uchache. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1937 kanuni ilitengenezwa, na Pruitt-Igoe ilikuwa imekwisha kuwa mahututi. Mwaka wa 1971 wakazi 600 tu walibaki katika majengo 17. Mengine 16 yalizibwa milango na madirisha.

Jengo la kwanza lilibomolewa kwa baruti tarehe 16 Machi, 1972, na mengine yakafuata mwezi wa Aprili na wa Julai. Kwanza ilisemwa kuwa ni majaribio: baadhi yatavunjwa, mengine yapunguzwe ghorofa, nafasi zilizopatikana zitiwe bustani. Halafu ikaonekana hakuna fedha wala nia. Januari mwaka wa 1973 Rais Richard Nixon alisimamisha miradi mipya ya nyumba za namna hiyo nchini kote. Ubomoaji ulimalizika mwaka wa 1976. Maghorofa yaliyokusudiwa kudumu vizazi yalikuwa yamesimama kwa miaka ishirini na miwili.

Mwaka wa 1977 Charles Jencks, mwandishi wa habari za usanifu, aliandika kwamba usanifu wa kisasa ulikufa St. Louis tarehe 15 Julai, 1972, akataja saa na dakika. Maneno hayo yamenukuliwa mno, ingawa jengo la kwanza lilikuwa limeanguka miezi minne kabla ya hapo. Alisema pia kwamba mtaa huo ulipata tuzo ya wasanifu, jambo ambalo halikutokea. Mwaka wa 1991 Katharine Bristol alitoa makala iliyoyachambua madai hayo moja baada ya moja, akaonyesha kwamba kuwapa wasanifu lawama yote ni namna ya kuwapa cheo kikubwa kuliko walichokuwa nacho. Kwani waliochagua kimo, kiwanja, bajeti na idadi ya fleti hawakuwa wao. Uchambuzi wake umesomwa na wataalamu. Picha imetazamwa na wote.

Sehemu kubwa ya kiwanja ilikaa miongo mingi bila kujengwa, ikaota miti mpaka ikawa pori katikati ya mji. Kifungu cha Seneta Brooke hakikubomolewa. Mwaka wa 1981, chini ya Rais Ronald Reagan, robo ilipandishwa ikawa asilimia 30, nayo imebaki hapo. Fedha ya matengenezo haijapata kutosha. Mpangaji wa nyumba ya umma katika New York, au Baltimore, au St. Louis yenyewe, anapoitwa ofisini na vipande vyake vya mshahara ili apigiwe hesabu ya kodi, kwa kawaida hupigiwa kwa kanuni hiyo.